Vijana wa msikitini na kanisani hawataziba pengo la USAID

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kuanza kulivunja shirika lake la misaada, USAID, hadi likafungwa rasmi tarehe 1 Julai, kuna hoja inayozunguka kutoka kongamano hadi kongamano. Inasema hivi: wafadhili wameondoka, lakini Afrika ina misikiti na makanisa hata katika vijiji visivyo na zahanati, na humo mna vijana tele. Basi vijana hao wa dini zote waunganishwe, wajitolee, na kazi ya maendeleo itaendelea kwa gharama ndogo, tena ikijenga amani njiani. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huohuo kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, na hoja ikapata wateja wapya. Inampa waziri wa fedha nafasi ya kupumua, inamwongezea kiongozi wa dini heshima, na kijana inamwita shujaa. Kwa maoni yangu imeisoma historia ya vijana hawa kichwa chini miguu juu. Kila mahali ambapo vijana wa dini tofauti walifanya kazi pamoja ikazaa matunda, palikuwa na mtu mwingine aliyenunua vifaa, na wao ndio waliokuwa njia ya vifaa hivyo kupita mlango uliofungwa. Ondoa vifaa uwaache wao peke yao, utabaki na fulana na picha ya pamoja.

Wazo la kuwakutanisha vijana kwa kazi si geni. Mwaka 2002 Eboo Patel, Mwislamu wa Marekani mwenye asili ya India, alianzisha Interfaith Youth Core mjini Chicago. Fikra yake ilikuwa kwamba vijana wasianze kwa kubishana juu ya Utatu na Tauhidi, waanze kwa jambo ambalo kila dini inaliamuru, kama kumlisha mwenye njaa au kumzuru mgonjwa, na mazungumzo yatakuja yenyewe. Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alipotoka madarakani akaanzisha wakfu wake wa mambo ya dini mwaka 2008, na mwaka uliofuata mashirika hayo mawili yakawaingiza kazini vijana 30 wa Uingereza, Marekani na Kanada chini ya mpango wa Faiths Act, walenge Malengo ya Maendeleo ya Milenia ya Umoja wa Mataifa na hasa malaria. Wapo waliocheka kumwona mtu wa vita vya Iraki akihubiri maelewano ya dini, na siwalaumu. Lakini wazo liliishi bila kumtegemea yeye. Nigeria, mwaka huohuo wa 2009, Sultani wa Sokoto, Sa'adu Abubakar, na aliyekuwa Askofu Mkuu wa Abuja, John Onaiyekan, walisimama pamoja mbele ya umoja wa dini mbalimbali dhidi ya malaria, maimamu na wachungaji wakafundishwa kuhimiza vyandarua mimbarini na madhabahuni.

Malaria ilichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka. Mbu hajui Ijumaa wala Jumapili, chandarua kinahesabika, na vifo vyenyewe ni vya watoto: kati ya watu 597,000 ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa walikufa kwa malaria mwaka 2023, asilimia 95 walikuwa katika kanda yake ya Afrika, na takriban robo tatu ya hao walikuwa chini ya miaka mitano. Ila kuna jambo ambalo simulizi za miaka ile huliacha pembeni. Vyandarua vilikuwepo. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulikuwa ukinunua, mpango wa malaria wa Rais wa Marekani ulioanza 2005 ulikuwa ukinunua, na serikali zilikuwa zikigawa. Tanzania ilikuwa na Hati Punguzo, vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, kwa wajawazito tangu 2004, kisha ikaingia katika ugawaji wa bure, kwanza kwa watoto wadogo na baadaye kwa kila kaya. Katika ugawaji ule watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba kuandikisha vitanda na kuelekeza namna ya kutundika. Kazi yao ilikuwa ya lazima, kwa sababu chandarua kilichobaki stoo au kilichogeuzwa wavu wa kuvulia dagaa hakimkingi mtoto. Lakini hawakukinunua wao, wala hawangeweza.

Mfano unaofundisha kuliko huo ni Sierra Leone wakati wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa Mei 2014, na hadi ulipotangazwa kwisha Novemba 2015 ulikuwa umeua karibu watu 4,000 nchini humo. Waislamu ni wengi huko, Wakristo wachache, na ndoa za mchanganyiko ni jambo la kawaida kiasi kwamba nyumba moja husherehekea Idi na Krismasi. Tatizo kubwa likawa mazishi. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola imejaa virusi, nayo desturi ya watu wa dini zote mbili ni kuiosha, kuivisha na kuigusa wakati wa kuaga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa angalau moja ya tano ya maambukizi mapya yalitoka hapo. Serikali na wafadhili wakajibu kwa timu za maziko: vijana waliofunikwa mavazi ya kinga kuanzia utosini hadi nyayoni wanashuka kwenye gari, wanafunga maiti ndani ya mfuko, wanaondoka. Hapakuwa na josho wala sanda, sala ilikosekana, na zipo familia ambazo hazikujua hata kaburi liko wapi. Kitaalamu timu zilikuwa sahihi kabisa. Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku.

Makundi mawili yaliyofanya kazi tangu kampeni za chanjo za miaka ya 1980, moja la Waislamu na jingine la Wakristo, yakaamshwa upya. Kila moja lilisema na watu wake kwa kitabu chake. Maimamu wakaeleza kwamba dharura inaondoa wajibu wa josho, na kwamba kulinda uhai wa waliobaki ni ibada. Wachungaji wakapeleka ujumbe huohuo kwa njia yao. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Islamic Relief, Caritas na World Vision. Sasa familia iliulizwa kwanza. Iliruhusiwa kusimama kwa umbali, kuona, kusali. Kwa marehemu Mwislamu, mtu wa timu aliye Mwislamu, akiwa ndani ya mavazi ya kinga, aliweza kumfanyia tayamamu, yaani kumtwaharisha kwa vumbi badala ya maji, na kumvisha sanda. Hapo ndipo mchanganyiko wa dini ndani ya timu ulipoacha kuwa pambo. Timu isiyo na Mwislamu haikuwa na wa kufanya tayamamu, na familia ingejua. Kijana aliyefahamu kipi ni cha lazima na kipi huachwa wakati wa dharura alikuwa na ujuzi wa kazi, sawa na aliyefahamu vipimo vya klorini.

Wapenzi wa mikutano ya dini mbalimbali watazame pia hili: makundi yale mawili hayakulazimishwa kukaa benchi moja kila siku. Yalikubaliana ujumbe, kisha kila upande ukaenda kwa watu wake, na walipokutana walikutana kwa sababu kulikuwa na maiti ya kuzika. Nimekaa katika semina za kutosha za "vijana na maelewano ya dini" kuijua ratiba kabla ya kupewa: sala mbili za ufunguzi, risala, hotuba ya mgeni rasmi, chai, picha ya pamoja, maazimio. Kazi yenyewe, ile ambayo Mwislamu asipofika leo Mkristo atakwama, huwekwa mwisho kama mazoezi ya vitendo, na mara nyingi ni kufagia soko ambalo halmashauri ina mkandarasi wa kulifagia.

Mwishoni mwa Novemba 2014, mwezi uleule wa mwongozo mpya, wafanyakazi wa maziko mjini Kenema waliacha miili kumi na mitano hadharani hospitalini. Walikuwa wakidai posho ya hatari ya Oktoba na Novemba ambayo hawakulipwa. Dunia ilishtuka kwa miili, wachache wakashtuka kwa posho. Wafanyakazi wale walifukuzwa. Hawa walikuwa vijana ambao baadhi yao wamekataliwa na ndugu zao kwa kuogopwa kuambukiza, wakifanya kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Iwapo hata hao, katikati ya dharura iliyotazamwa na dunia nzima na fedha zikimiminika, walifika mahali pa kugoma kwa posho, unapata wapi matumaini kwamba kijana wa Tandahimba au Kilifi atazunguka miaka mitano na rejista ya wajawazito kwa thawabu peke yake?

Hapa niwape haki yao wanaopinga kuwatumia vijana wa kujitolea kwa hoja ya unyonyaji, maana ndiyo hoja yao nzito kuliko zote. Neno kujitolea limetumika mno kuficha kazi isiyolipwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya afya vijijini imebebwa na wanawake. Nauli, vocha, kiatu, mlo wa mchana, vyote vinatoka mfukoni kwa mtu. Matokeo yake hayaishii kwenye dhuluma kwa mtu mmoja. Mpango usiolipa hata nauli huchuja watu: anayebaki ni yule ambaye kwao kuna chakula, mara nyingi wa mjini, mara nyingi aliyesoma, na yule jirani wa mgonjwa ambaye kuaminiwa kwake ndiko kulikotafutwa tangu mwanzo anatoka baada ya mwezi wa tatu kwenda kutafuta kibarua. Kenya ilikubali jambo hili Septemba 2023 ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Posho ni ndogo na malalamiko ya kucheleweshwa yamesikika kaunti kwa kaunti. Lakini sasa kuna kifungu cha bajeti, na anayecheleweshewa ana pa kudai. Kijana wa kujitolea wa parokia au wa madrasa hana.

Hoja nyingine ya wapinzani ni nyepesi zaidi, ingawa husemwa kwa sauti kubwa: dini iwekwe mbali na maendeleo kabisa, maana ikiingia italeta ubaguzi, mahubiri ya kuvuna waumini na vita vya maneno. Anayesema hivi anadhani mlango uko wazi na dini ndiyo inayobisha. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiongoza, yalisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kwamba imetiwa dawa ya kuwafunga uzazi Waislamu. Uvumi ulipata pa kushika, kwa sababu mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa Kano wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na jambo lile likaishia mahakamani. Virusi vya kaskazini mwa Nigeria vikasafiri hadi nchi zilizokuwa zimekwisha kuondokana navyo, vikafika hata Indonesia. Aliyetuliza hofu ile hakuwa msemaji wa wizara. Ilichukua miaka ya maemiri na maimamu kuwanywesha watoto matone hadharani, na wanawake wa mitaa ileile kupita nyumba kwa nyumba wakiwataja watoto kwa majina. Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Dini ilikuwa ndani ya nyumba tangu kabla ya chanjo kufika. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa iwe upande gani, na kuamua hivyo kunahitaji watu wa dini waliofundishwa, tena wanaotazamana, kwa sababu mchungaji au imamu anayegawa dawa huku akivuna waumini hukamatwa upesi zaidi na mwenzake wa dini nyingine kuliko na mkaguzi kutoka makao makuu.

Nabaki na dai la amani, ambalo wengi hulitaja kama sababu kuu ya mipango hii. Hapa utafiti una cha kutuambia, na si kile ambacho maazimio ya semina huandika. Kaduna, mji wa Nigeria ulioona mauaji ya kidini mwaka 2000, 2002 na 2011, Alexandra Scacco na Shana Warren waliwapanga vijana wa kiume Wakristo na Waislamu katika madarasa ya kompyuta ya wiki kumi na sita, mengine ya mchanganyiko, mengine ya dini moja. Katika matokeo waliyochapisha 2018, chuki mioyoni haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliokaa darasa la mchanganyiko waliwabagua watu wa dini nyingine kidogo kuliko waliosoma na wa dini yao tu. Kaskazini mwa Iraki, Salma Mousa aliwaingiza Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la ISIS katika timu za mpira, baadhi zikiwa na Waislamu. Utafiti wake wa 2020 ulionyesha kwamba waliochanganywa waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi kadhaa baadaye na walikuwa tayari kumpigia kura ya tuzo mchezaji Mwislamu. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa hafifu.

Wengine watasoma matokeo haya kama kushindwa. Mimi nayaona yanatosha, mradi tusidai zaidi ya hapo. Timu ya chanjo haihitaji kupendana. Inahitaji kwamba mwenye kisanduku cha dawa asiiruke nyumba kwa sababu ya msalaba ukutani au kanzu kwenye kamba ya nguo, na kwamba akiumwa mwenzake atashika zamu. Hayo ni mambo ya mwenendo, na mwenendo unaonekana kubadilika kazini kabla ya moyo. Anayeupima mpango kwa dodoso la "je, sasa unawapenda jirani zako zaidi?" atapata majibu ya adabu na kuandika ripoti nzuri. Ningependa tupime kwa orodha ya nyumba zilizorukwa.

Kuna swali pia la nani aende wapi. Mpango wa Faiths Act wa 2009 ulichukua vijana wa nchi tajiri, na tangu hapo picha iliyoko vichwani mwa wengi ya kijana wa dini mbalimbali anayejitolea kwa ajili ya dunia ni ya mgeni mwenye mkoba mgongoni. Wazungumzaji wa Kiswahili wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wana la kusema juu ya wageni. Ebola ilipotangazwa huko Kivu Kaskazini Agosti 2018, magari, fedha na wataalamu vilifika kwa haraka katika eneo ambalo kwa miaka lilikuwa likiuawa watu wake bila yeyote kufika. Watu wakaiita biashara ya Ebola. Desemba uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huo, na shaka ikageuka uhakika machoni pa wengi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hadi mlipuko unakwisha Juni 2020 walikuwa wamekufa watu zaidi ya 2,200. Kijana mzuri wa kanisa la Leeds, Uingereza, na rafiki yake wa msikiti wa Bradford wangefanya nini pale zaidi ya kuongeza magari? Mahali pao pa nguvu ni kwao, mbele ya mbunge wao, wamuulize juu ya makato ya misaada. Mkatoliki, Mwislamu, Myahudi na Mhindu wakiingia pamoja katika ofisi ya mbunge wa mkoa wao wa Yorkshire, hawezi kuwahesabu kama kundi la upande fulani.

Jambo hilohilo linatuhusu sisi, na nadhani ndilo ambalo serikali zetu zisingependa kulisikia zinapowasifu vijana hawa. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ni nchi chache zilizowahi kufika hapo, na nyingi ya zilizofika hazikudumu. Kwa miaka zaidi ya ishirini fedha za wafadhili zilikuwa mto wa kulalia: ahadi haikutimizwa na kliniki hazikufungwa. Mto umevutwa. Mwanaharakati mmoja akiuliza bajeti ataambiwa katumwa na upinzani. Shekhe akiuliza ataambiwa ana siasa kali. Askofu akiuliza ataambiwa avue joho agombee. Vijana wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), wa CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) na wa TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania) wakiuliza swali moja kwa barua moja, majibu hayo matatu hayafanyi kazi kwa pamoja. Huo ndio mchango wa mchanganyiko wao ambao haununuliki, na kamati nyingi za dini mbalimbali tulizo nazo hazijawahi kuutumia, kwa sababu huitwa karibu na uchaguzi kuhubiri utulivu na kusahauliwa wakati wa kupanga bajeti.

Kwa hiyo atakayewaita vijana hawa wajitolee katika mwaka wa uhaba aje na majibu mkononi: vifaa vinanunuliwa na nani na viko ghala gani, nauli na posho ziko kifungu kipi, anayeumia kazini anatibiwa wapi, na je, vijana wataruhusiwa kutangaza hadharani kwamba sanduku lilifika tupu? Swali la mwisho ndilo litakalokataliwa kwanza. Majibu hayawezi kusubiri kongamano lijalo pia. Chandarua chenye dawa hutegemewa kwa takriban miaka mitatu, na vile vilivyogawiwa 2024, kabla ya makato, vitachakaa 2027. Bajeti ya kuvinunua vipya inajadiliwa bungeni mwaka mmoja kabla yake.